Vioo vya Ngazi ya Nyuma

Inspekta Vasanti Mhatre alipanda ngazi ya mbele ya jengo la Jivanji viatu mkononi, kwa sababu mbao zilikuwa zimelowa na yeye hakuwa na hamu ya kuwa maiti ya pili ya jengo hilo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeipiga Mumbai siku nne mfululizo. Asubuhi hiyo ya Alhamisi zilikuwa zimepumua kidogo, na mtaa mzima wa Girgaon ulinuka matofali mabichi.

"Madam, ukianguka nitawaambia nini ofisini?" aliuliza Konstebo Tawde kutoka nyuma. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na miaka kumi na mmoja ya kufanya kazi na Vasanti ilikuwa imeutoa mdomo wake breki.

"Waambie nilifia kazini. Utapewa likizo ya siku mbili."

"Mbili tu? Basi shika ukuta vizuri."

Juzi Jumanne, saa nne na dakika ishirini za asubuhi, ngazi ya nyuma ya jengo hilo la orofa tatu ilishuka yote kwa mpigo, na vyumba vitatu vikaifuata. Vyumba havikuwa na watu. Ngazini alikuwepo Ranjana Parkar, mwanamke wa miaka thelathini na minne, na makopo manne ya chakula alichokuwa akiwapikia watu wa maofisini. Makopo yalifukuliwa mazima, vifuniko vimefungwa. Ranjana alifukuliwa baada ya saa tatu, na hakuna aliyethubutu kumfunua uso mbele ya mumewe.

Jengo la Jivanji lilikuwa chini ya Mamlaka ya Kuhuisha Mitaa, ambayo kazi yake ni kukagua majengo makuukuu ya jiji, kuyatengeneza yanayotengenezeka, na kuwatoa watu kwenye yasiyotengenezeka. Vasanti alikuwa polisi aliyeazimwa na Mamlaka hiyo kuchunguza wafanyakazi wake wenyewe, kwa hiyo hakupendwa na upande wowote. Na Mamlaka ilikuwa imeshapata wa kutwishwa mzigo kabla jua la Jumanne halijazama. Alikuwa mhandisi kijana, Mandar Sohoni, miaka ishirini na saba, mkaguzi wa mtaa huo.

Kosa lake lilikuwa kwenye makaratasi. Kila penye ufa mkubwa Mamlaka hubandika kipande cha kioo, urefu wa kiganja, upana wa vidole viwili, ncha zake zikishikwa na plasta kila upande wa ufa. Tarehe huchorwa kwenye plasta ikiwa mbichi. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kioo kinapasuka, na mkaguzi anayepita kila mwezi lazima akione. Kikipasuka hata kimoja, wapangaji wote wanatolewa ndani ya saa ishirini na nne. Fomu za Mandar za miezi kumi na minne zilisema neno moja kwa vioo vyote sita: kizima, kizima, kizima. Ya mwisho aliijaza Jumatatu, siku moja kabla ya maafa.

"Alikaa ofisini akazijaza," mkuu wa kitengo, Bwana Kirtane, alikuwa amemwambia Vasanti kwa simu. "Andika uzembe, niletee kabla ya saa nane. Saa tisa anafikishwa mahakamani. Usianze kutafuta mchawi."

Vasanti alikuwa na sababu ya kutafuta. Miaka miwili iliyopita majengo mawili ya mtaa wa pili yalianguka matupu, bila hata paka ndani, kwa sababu Mandar aliyaona yakisogea akawatoa watu huku wakimtukania mama yake. Kijana wa namna hiyo hajazi fomu mezani. Hivyo ndivyo Vasanti alivyoamini, na kwa imani hiyo alikuwa amekuja.

Orofa ya tatu, mwisho wa roshani, sakafu ilikatika ghafla. Ngazi ya nyuma ilipokuwa palibaki shimo na kipande cha ukuta, na juu ya ukuta ule kioo namba sita kilikuwa bado kimeng'ang'ania.

"Nishike mshipi," alisema Vasanti.

Tawde akamshika mshipi kwa mikono miwili. Vasanti akainama juu ya shimo na lenzi yake. Alikuwa ameshavipima vioo namba moja hadi nne kule mbele, na vyote vilikuwa vya stoo ya Mamlaka, vinene, vyenye kingo za kijani. Hiki kilikuwa chembamba, cheupe ukingoni. Akachokoa plasta kwa kisu. Ndani yake mlichomoza nyuzi za kahawia, fupi, ngumu.

"Usumba," alisema.

"Wa nazi?"

"Wa nazi. Nani anatia usumba kwenye plasta ya kubandikia kioo?"

"Mtu mwenye usumba mwingi," alisema Tawde, na Vasanti akakubali kwamba kwa mara moja mwaka huo Tawde alikuwa amesema jambo la maana.

Kulikuwa na mengine mawili. Katikati ya kioo palikuwa na doa dogo la duara, rangi ya udongo, limegandamana kiasi kwamba ukucha haukulitoa. Na uso mzima wa kioo ulikuwa na vumbi laini la waridi lililokaukia hapo. Akakibandua, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akarudi nyuma polepole.

"Kilibadilishwa," alisema. "Cha Mamlaka kilipasuka, mtu akaweka chake na kuiga tarehe. Mandar alikuwa anakagua vioo vya bandia, Tawde. Alikuwa anadanganywa."

Alisema hivyo kwa furaha, na hakuona haya.

*

Mkabala na lango kulikuwa na kibanda cha chai cha mzee aitwaye Bhikaji. Vasanti aliagiza glasi mbili akakaa kwenye benchi.

"Mzee wangu, yule mhandisi kijana alikuwa anafika hapa?"

"Sohoni? Kila mwezi, madam, wiki ya kwanza. Anakunywa chai bila tangawizi, mwanamume mzima! Halafu anapanda. Akishuka ana vumbi mpaka kwenye nyusi."

"Na Jumatatu hii?"

"Alikuja. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Vasanti aliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alikiri mwenyewe. Alilitaka sana jibu lile, na alipolipata hakuligeuza kuona upande wa pili.

Chini ya jengo, ubavuni mwa ile ngazi iliyoanguka, kulikuwa na karakana ya sanamu za Ganpati, mungu mwenye kichwa cha tembo. Miungu mia na ushei ilikuwa imepangwa safu kwa safu, matumbo mbele, mikonga imekunjwa, bado haijachorwa macho. Sikukuu yake ilikuwa miezi miwili na nusu mbele. Mwenye karakana, Wagle, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa wapangaji, alikuwa anazifunika turubai.

"Mmekuja kutufukuza nyinyi pia?" alisema bila kugeuka. "Malori yenu yamefika. Tumeambiwa mpaka saa sita mchana tuwe nje."

"Sikuja kwa hilo. Plasta yako unachanganya na nini?"

"Maji."

"Na?"

"Na jasho, madam."

"Wagle, sina muda."

"Na usumba. Bila usumba mkonga unavunjika kabla mungu hajavuka kizingiti. Hata mtoto wa mtaa huu anajua."

"Wa Mamlaka hawajui. Wao ni unga na maji basi." Vasanti akaweka kipande cha plasta juu ya meza ya kazi. "Hii nimeitoa chini ya kioo namba sita."

Wagle alikitazama. Hasira ilimjia kabla ya woga.

"Unanishuku mimi? Mimi ambaye nalala chini ya ngazi ile? Ningekuwa nabadilisha vioo ili nijizike mwenyewe? Hebu kuwa na akili kidogo, dada! Miaka mitatu mmetuwekea magogo ya kuegemeza mkasema matengenezo yanakuja. Faili letu lilikaa kwenu miezi tisa likingoja sahihi moja. Sahihi moja! Leo mnatafuta muuaji kwenye karakana ya miungu?"

"Hilo la faili nitaliandika," alisema Vasanti.

"Andika kwa wino mwekundu."

Mtu yule alikuwa anasema kweli. Akaweka kioo chenyewe mezani.

"Vumbi hili la waridi ni lako?"

"Rangi ya mwili ya sanamu. Tulipuliza kwa pampu, ikapanda ngazini yote. Ranjana alinisuta, maskini, akasema nimempaka poda bure."

"Lini?"

"Jumapili."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hatujapuliza msimu huu. Wapangaji hawanipi ruhusa siku nyingine, harufu inawakera. Ilikuwa mara ya kwanza."

"Nani anakukorogea plasta?"

Wagle akashika turubai akaanza kuikunja upya, ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Watu wengi."

"Mwaka huu nani?"

Macho yake yalipanda darini yenyewe.

"Mama Indu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Miaka arobaini anakoroga plasta hapa. Yeye na marehemu mumewe ndio walionifundisha kazi. Macho ya miungu yote hii anayachora yeye, hakuna mwenye mkono kama wake. Lakini madam, yule ni bibi wa watu, hana mbele wala nyuma. Mwachie."

Vasanti alitazama zile nyuso zisizo na macho. Mkono unaoweza kuchora jicho la mungu usingeshindwa kuiga tarehe ya mhandisi.

*

Indumati Parulekar alikuwa na miaka sabini na mmoja na chumba kimoja, orofa ya pili, upande wa mbele uliobaki umesimama. Walimkuta ameketi juu ya sanduku la bati. Vyombo vyake vyote vilikuwa vimefungwa kwenye mashuka mawili. Kitu kimoja tu hakikuwa kimefungwa, picha ya mumewe iliyokuwa bado ukutani, upande wa kusini unakotundikwa picha za wafu, na koja la maganda ya mti wa sandali shingoni.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Sina hata kikombe cha kukupa chai. Vyote vimo humo."

"Usijali, mama."

Vasanti alisogea karibu na picha. Mzee mwenye miwani alimtazama bila kutabasamu. Kwenye paji la uso wake palikuwa na doa la sandali iliyosagwa, bado mbichi, la asubuhi hiyo. Doa lilikuwa juu ya plastiki, ile ya kujaladia madaftari ya shule, imebanwa kwa misumari minne midogo.

"Marehemu hana kioo," alisema Vasanti.

"Alikuwa mtu wa kupenda hewa," alijibu Mama Indu.

Tawde alicheka kidogo kisha akajutia. Vasanti akatoa kile kioo kwenye mfuko, akakinyanyua hadi usawa wa picha. Lile doa la duara la rangi ya udongo likakaa sawasawa juu ya paji la uso. Miaka ya sandali, asubuhi kwa asubuhi, mpaka kioo kikaingia rangi.

Mama Indu alikitazama. Halafu akajitanda upande wa sari kichwani, kama anayepokea wageni wa msiba.

"Ilikuwa mwezi wa taa za Diwali," alisema. "Nilikiona namba sita kimepasuka. Niliogopa, mwanangu, nitakudanganya nini? Mwaka themanini na sita watu wenu waliwatoa watu wa jengo la jirani kwenda vyumba vya muda, kule mwisho wa reli. Waliwaambia miaka miwili. Dada yangu alikuwa humo. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kile chumba cha mabati, kila Jumapili anakuja hapa kuniuliza kama jengo lao limeshaanza kujengwa. Alifia huko. Mimi niliapa hawanipandishi lori."

"Ukakata kioo cha picha."

"Nilimwomba ruhusa kwanza. Mume wangu alikuwa na almasi ya kukatia vioo, ya kazi zake. Usiku nikakoroga plasta, alfajiri nikabandika. Mwezi wa pili kikapasuka namba tano. Nikakata tena."

"Nani alijua?"

"Mimi na yeye." Alionyesha picha kwa kidevu. "Yeye hakupendezwa."

Vasanti aliandika. Mvua ilianza tena kugonga bati la roshani. Tawde alikuwa ameacha kabisa mizaha.

"Mama, na Jumanne? Namba tano kilikuwa kizima mpaka ngazi inaanguka?"

Mama Indu alishika vidole vyake vya mkono mmoja kwa mkono mwingine, vidole vyeupe kuchani kwa plasta isiyotoka tena.

"Kilipasuka Ijumaa usiku," alisema. "Jumamosi asubuhi nilikikuta hivyo. Kioo cha picha kilikuwa kimebaki cha kutosha mara moja. Nikakata, nikakoroga plasta, nikapanda nayo kwenye bakuli. Ranjana akapita na makopo yake. Akaniambia, 'Shangazi, leo ngazi inalia kama mkwe wangu.' Akacheka, akashuka. Nikamsikiliza anavyoshuka, mwanangu, kila mbao inaitika. Nikamwaga plasta. Nikasema basi. Jumatatu kijana atakuja, akione, tuhamishwe, yaishe."

"Kwa nini hukupiga kelele siku ile ile?"

"Jengo limesimama miaka tisini na minne. Niliona siku mbili si kitu. Nilitaka Jumapili moja zaidi. Ndiyo hiyo. Jumapili moja."

Hakulia. Vasanti angependa alie, maana kukaa mbele ya jicho kavu namna ile kulimuuma zaidi.

"Na kijana alikuja," aliendelea Mama Indu. "Wagle alimwona. Alikiona kimepasuka, na hakuniripoti. Alinihurumia. Kila mwezi nampa vada, madonge ya viazi ya kukaanga, ananiita bibi, anajua sina pa kwenda. Basi amekaa mahabusu amefunga mdomo kwa ajili yangu. Mwanangu, usiandike kwamba alikiona. Andika mimi tu. Nakuomba kwa miguu yako." Na kweli aliinama kumshika miguu. Vasanti alimdaka mabega.

"Tawde, nipe ule mfuko wa Jumanne."

Kioo namba tano kilikuwa kimeokotwa kwenye kifusi siku ya maafa, vipande viwili, kila kimoja na kofia yake ya plasta. Watu wote, na Vasanti akiwemo, walichukulia kwamba kilipasuka ngazi ilipoanguka, na hakuna aliyekiangalia mara mbili. Sasa alikipeleka mlangoni penye mwanga. Alitazama uso wake kwa lenzi. Rangi ya waridi. Kisha akakigeuza, akatazama ule ukingo wa mpasuko wenyewe.

Ulikuwa wa waridi pia, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wagle alipuliza Jumapili, mara moja tu. Rangi haiwezi kuingia kwenye mpasuko ambao haujakuwepo. Kioo kilikuwa kimepasuka kabla ya Jumapili, na Mama Indu alikuwa anasema kweli tupu. Na fomu ya Jumatatu, ambayo Vasanti aliijua kwa moyo, ilisema: namba tano, kizima.

Alikuwa amekuja kumtoa mtu kifungoni, na alichokishika ndicho kilichomfunga. Angeweza kukirudisha mfukoni. Hakuna aliyeomba kuona ukingo wa kioo, na Mama Indu alikuwa anataka mwenyewe kubeba yote. Kwa kweli wazo hilo lilimpitia. Lilimpitia polepole mno, na hilo nalo lilimtia aibu.

"Twende, mama," alisema. "Chukua na picha."

*

Gari la polisi liliposimama langoni, Vasanti alishuka peke yake akavuka hadi kibandani.

"Mzee Bhikaji. Jumatatu, Sohoni alipokaa hapa. Alipanda juu?"

"Kupanda? Na mvua ile?" Bhikaji alishangaa. "Ua wote ulikuwa maji mpaka magotini! Alijaza makaratasi yake hapo hapo kwenye benchi. Wagle alipopita, kijana akamwuliza, 'Vipi juu, kuko salama?' Wagle akasema salama. Akamaliza chai, akaenda zake. Kwani kuna ubaya?"

"Asubuhi hukuniambia."

"Hukuniuliza, madam. Uliuliza kama alikuja."

*

Mandar Sohoni aliletwa chumba cha mahojiano saa nane na robo, muda wa Kirtane ukiwa umeshapita. Alikuwa ameshinda siku mbili na shati lile lile. Alikaa wima, mikono mezani.

"Nilivikagua," alisema kabla hajaulizwa. "Kila mwezi. Vilikuwa vizima, madam, naapa."

"Namba tano na sita vilibadilishwa. Bibi Indu wa orofa ya pili aliviiga, mpaka tarehe zako."

Alimtazama bila kuelewa. Kisha uso ukaanza kumfunguka, na mabega yakashuka. "Bibi Indu? Kwa hiyo... kwa hiyo mimi sikukosea! Kumbe nilikuwa natazama vioo vyake! Siku mbili nimekuwa najiuliza nilipitwa na nini, naviona usingizini." Alicheka, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Bibi yule! Jamani!"

Vasanti alimwacha afurahi. Hesabu ya dakika alizomwacha aliikumbuka muda mrefu baadaye. Zilikuwa mbili.

"Namba tano kilipasuka Ijumaa," alisema. "Safari hii hakukibadilisha. Alikiacha ukutani ukione Jumatatu."

Mahali fulani ndani ya kituo mtu alikuwa anabishana kuhusu pikipiki.

"Rangi ya Jumapili iko ndani ya mpasuko," aliendelea. "Na Bhikaji amesema ulijaza fomu kwenye benchi lake."

Mandar alitazama mikono yake.

"Miezi kumi na mitatu nilipanda," alisema.

"Najua."

"Vilikuwa vizima miezi yote kumi na mitatu. Nikasema hata wa kumi na nne... Nilimwuliza Wagle. Nilimwuliza kabisa. Mvua ilikuwa kubwa, madam. Na nilikuwa na viatu vipya. Vya ngozi. Mama alininunulia, kwa sababu Jumatatu jioni tulikuwa tunakwenda kuona mchumba."

Vasanti akamsogezea karatasi na kalamu, naye akaandika yote kwa hati safi, bila kufuta neno. Vasanti alimaliza ripoti yake kando yake. Aliandika juu ya vioo, juu ya fomu, na juu ya faili lililongoja sahihi miezi tisa, na hili la mwisho aliliandika kwa wino mwekundu aliouazima kwa karani. Alijua Kirtane atalikata. Aliliandika hata hivyo.

Saa nane na dakika arobaini Tawde alifungua mlango. Kwenye benchi la ukumbini Mama Indu alikuwa amekaa na picha mapajani, imefungwa kitambaa. Alipomwona Mandar aliinuka kwa shida, akamwekea kiganja shavuni.

"Umekonda," alisema. "Usiogope. Nimewaambia wewe hukuona kitu. Hata wakikubana, hukuona kitu, sawa? Hukunitupa siku ile, na mimi sikutupi."

Mandar alimtazama Vasanti. Vasanti hakumsaidia, kwa sababu jambo lile halikuwa lake kulisema.

"Sikupanda, bibi," alisema Mandar.

"Nini?"

"Jumatatu. Sikukiona. Sikupanda kabisa. Nilikuwa pale kwa Bhikaji nakunywa chai."

Mama Indu hakuondoa mkono shavuni pake. Midomo yake ilitikisika mara moja, mara mbili, kama mtu anayehesabu kitu.

"Jumatatu hiyo mimi nilikuwa nimekaa ngazini," alisema. "Tangu saa nne mpaka saa saba, chini ya kile kioo. Nilikuwa nakungoja wewe nikwambie kwa mdomo wangu. Wakaniita karakanani kukoroga plasta, nikashuka, nikadhani umepanda nyuma yangu."

Tawde akasema gari limefika.